Kutoka Sinza hadi Umeå: shajara ya kuhamia kwenye baridi

Mke wangu amepata nafasi ya uzamivu (PhD) Chuo Kikuu cha Umeå, kaskazini mwa Uswidi. Uzamivu kule ni ajira yenye mshahara, kwa hiyo tumeamua kuhama wote: yeye, mimi, na binti yetu wa miaka mitano. Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa kumi na mbili nina kibanda Sinza, Dar es Salaam. Nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili ya namna familia inavyojipanga kwa safari kama hii, nilichopata ni "jiandaeni na baridi", basi. Ndiyo maana naandika hapa hatua kwa hatua, na bei, na mahali tulipokosea. Kila hatua ikiisha nitaongeza. Niliyokwisha kuandika sitayafuta hata yakija kuonekana ni makosa. Nitaweka nyongeza chini yake.

Kwa asiyeujua mji: Umeå uko kwenye mto Ume, karibu na unapoingia Ghuba ya Bothnia, nyuzi 63.8 kaskazini, zaidi ya kilomita 600 kutoka Stockholm. Manispaa nzima ina watu laki moja na thelathini elfu hivi. Manispaa yetu ya Ubungo, yenye Sinza, peke yake kwa sensa ya 2022, ilivuka milioni moja.

18 Juni 2023, Dar es Salaam: ununuzi wa kwanza

Vibali vya ukaazi tuliomba kwa mtandao, kisha tukaenda ubalozini kwa alama za vidole na picha. Hapo hapakuwa na shida ya kuandika.

Nguo nimenunua mitumba ya Karume. Makoti manne, Tsh 240,000 yote: la ngozi lenye bitana ya satini (langu), la jinsi lenye manyoya ya bandia ndani (langu pia), la kitambaa kizito linaloishia kiunoni (la mke wangu), na la mtoto lililojazwa sponji. Buti za ngozi pea moja, Tsh 90,000. Nimeyapima kwa mkono moja moja, mazito kweli. Mishono yote nimeipitia upya kwa uzi wa nailoni na vifungo nimeviimarisha.

*Nyongeza, Januari 2024: Hakuna hata koti moja kati ya haya tunalolivaa. Nilipima uzito, na koti la baridi halipimwi kwa uzito. Sababu zipo chini, kwenye Oktoba.*

14 Agosti 2023: kufika

Tiketi za watu watatu Dar hadi Stockholm, Tsh 6,900,000. Kutoka Stockholm tulipanda treni ya usiku, tukashuka Umeå asubuhi. Mji una miti mingi mno yenye gome jeupe. Tuliambiwa ilipandwa baada ya moto wa 1888 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji, ili moto mwingine usiruke kutoka mtaa hadi mtaa. Hali ya hewa ni kama Lushoto mwezi wa saba. Saa tatu usiku bado kuna mwanga, mtoto hakubali kulala. Tumeziba dirisha la chumba chake kwa kanga mbili, akalala.

Nyumba ni ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Joto limo kwenye kodi. Muulize mwenye nyumba wako jambo hili kabla hujasaini chochote.

29 Agosti 2023: karatasi, na kosa la kwanza kubwa

Kila kitu Uswidi kinasubiri namba ya utambulisho, inayotolewa na mamlaka ya kodi kwa anayekuja kukaa mwaka mmoja au zaidi. Bila namba hiyo hufungui akaunti ya benki kwa urahisi, huandikishwi darasa la lugha, huwezi kulipia vitu kwa simu. Na fedha taslimu hazina kazi kubwa hapa: nilipanda basi na noti mkononi, dereva akatikisa kichwa kwa upole. Abiria mmoja akatulipia kwa kadi yake na kukataa nimrudishie.

Kosa letu: wanataka vyeti halisi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto tulikuja nacho. Cha ndoa tulikuja na nakala iliyothibitishwa na wakili, halisi tukakiacha ndani ya sanduku la mama yangu Tanga, tukiamini ndiko kutakuwa salama zaidi. Mke wangu alikuwa na ajira, faili lake likaenda. La kwangu likasimama.

Marekebisho (nimeyaongeza baadaye): mdogo wangu alikwenda Tanga kukichukua, akakituma kwa kampuni ya vifurushi kutoka Dar, Tsh 185,000 pamoja na nauli yake. Kilichonigharimu zaidi ni muda. Namba yangu ilichelewa wiki saba nyuma ya ya mke wangu, na wiki zote hizo sikuweza kuanza darasa la Kiswidi. Wiki saba za kukaa nyumbani bila lugha, mwanzoni kabisa, ni ndefu kuliko zinavyosomeka hapa. Basi: vyeti halisi vyote, vya kuzaliwa na vya ndoa, vibebwe kwenye begi la mkononi, visiingie kwenye mzigo wa chini. Nakala ndizo zibaki Tanga. Ukishaandikishwa, kitambulisho chenyewe kilikuwa krona 400 wakati huo.

Krona moja nilikuwa nakokotoa kwa Tsh 230 hivi.

17 Septemba 2023: jirani aliyetusonya

Hili si la vifaa, ila lilituumiza, na najua litamuumiza na mwingine.

Jengo letu lina chumba kimoja cha kufulia, kila nyumba inaandikisha zamu yake. Mke wangu alimkuta humo mama mmoja mtu mzima, akamsalimu, akamwuliza kwa Kiingereza kama amemaliza na mashine. Yule mama akamtazama machoni, akavuta hewa kwa midomo, *fyup*, akachukua kapu lake akatoka. Mke wangu alipanda ngazi macho yamejaa machozi. "Amenisonya, baba. Mtu mzima kama mama yangu, nimemsalimu vizuri, akanisonya usoni."

Siku ya pili yake nikapata la kwangu. Nimemwuliza mtu kituoni kama basi hili linakwenda mjini. *Fyup.* Nikakaa kimya njia nzima.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja wa Uvira, Kongo, yuko hapa miaka kumi na moja, tulikutana naye kwenye duka linalouza unga wa mahindi. Mke wangu alipomsimulia, mzee akaweka chini mfuko wake. "Hapana, Mama. Huyo hakukutukana. Amekujibu ndiyo. Watu wa huku kaskazini ndiyo yao wanaivuta ndani."

Tangu hapo nimesikiliza kwa makini, maana mwenye kusonywa utotoni sauti hii inamkaa. Zinatofautiana. Msonyo wa kwetu ni mrefu na hewa inapita kwenye meno. Wa kwao ni mfupi, midomo imeviringwa kama ya mtu anayetaka kupuliza moto, na macho hayabadiliki. Ukijua hivyo, mji mzima unakuwa mwema kwa siku moja. Wiki iliyofuata mke wangu alimpelekea yule mama chapati tatu zikiwa moto. Akamwuliza kama anazipenda. *Fyup.* Wakacheka wote wawili, kila mmoja na sababu yake.

8 Oktoba 2023: jaribio la soksi, na kwa nini makoti ya Karume hayafai

Majani yameisha kwenye miti. Usiku inashuka chini ya sifuri, mchana nyuzi mbili tatu. Tulivaa makoti yetu kwa mara ya kwanza na wote tukatetemeka, mimi zaidi, na koti la ngozi la kilo tatu mgongoni. Kama fundi lilinikera, nikaamua kujua sababu.

Nilichukua soksi mbili, moja ya pamba, moja ya sufu ya kondoo niliyoinunua krona 40. Nikazilowesha zote kwa maji ya uvuguvugu, nikazikamua sawasawa, nikavaa ya pamba mguu wa kushoto na ya sufu wa kulia, nikakaa barazani dakika ishirini. Kipimajoto kilikuwa nyuzi 2. Dakika ya tano mguu wa kushoto ulianza kuuma kwenye vidole. Ya kumi na mbili sikuvihisi tena. Wa kulia ulikuwa na unyevu, na baridi kiasi, lakini ulikuwa mguu wangu. Nilipozivua nikazitazama chini ya taa. Ile ya pamba imelala, nyuzi zimeshikana kama karatasi iliyoloa. Ile ya sufu imesimama: nyuzi zake zina mikunjo midogo, haziangukiani hata zikinywa maji, na katikati yake hewa inabaki. Kinachokupa joto ni ile hewa. Kazi ya nguo ni kuizuia tu isikimbie.

Ukilielewa hilo unaona ubaya wa kila koti letu. La ngozi: hewa haimo ndani, jasho halitoki, satini inapoa kabla yako, na mikono yake ni myembamba hata sweta haliingii. La jinsi, nje ni pamba tupu. La mke wangu linaishia kiunoni bila kamba ya kubana, upepo unaingia chini na kutokea shingoni. La mtoto, sponji yake imekandamizwa na miaka, imekuwa kama godoro la gesti.

Tulichonunua badala yake, karibu chote kwenye maduka ya mitumba ya hapa. Ndiyo, mitumba ipo, tena hii haijafungwa bela wala kuvuka bahari, na nguo za baridi zimejaa kwa sababu watoto wanakua na watu wanabadilisha. Makoti mawili marefu yenye kitambaa cha kuzuia upepo, krona 300 na 250. Ovaroli ya theluji ya mtoto, krona 180. Nguo za ndani za sufu, juu na chini, kwa watu watatu, krona 900. Hizi nyingi mpya, maana za mitumba zilikuwa zimelika kwenye magoti. Kofia na glavu, krona 400 na ushee. Mtoto apewe glavu zisizogawanyika vidole, vidole vikikaa pamoja vinapeana joto, tena awe na pea mbili, moja inakauka shuleni.

Viatu ndivyo nilivyokosea mara mbili. Nilinunua buti za hapa za namba yangu halisi, zikanibana na soksi ya sufu, miguu ikaganda vilevile. Mzee wa Uvira akaniinamia, akabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba. "Papa, hii imekushika kama soksi. Damu itapita wapi? Rudisha, uombe namba moja juu." Nilikuwa nimeshazitembelea nje, hazikurudishika. Nikaziuza kwa hasara ya krona 350, nikanunua nyingine kwa 1,100. Za mke wangu mitumba krona 350, za mtoto 150. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu kipya, nunua viatu, na uvijaribie na soksi nene mguuni.

22 Novemba 2023: barafu

Naandika kwa mkono wa kushoto, nitakuwa mfupi kuliko ninavyotaka.

Theluji yenyewe haina neno. Ikikanyagwa inalia kama unga wa muhogo mkavu, na mguu unashika. Hatari ni siku joto linapopanda juu ya sifuri, mvua ikanyesha juu ya theluji, kisha usiku ikaganda. Jumatatu ilikuwa hivyo. Jumanne asubuhi njia nzima ilikuwa kioo, changarawe ilikuwa bado haijamwagwa mtaani kwetu. Nilishuka kwenye basi, nikatanguliza kisigino kama nilivyoshuka daladala maisha yangu yote. Mguu ukaondoka. Nikajikinga kwa mkono wa kulia.

Picha ilionyesha mfupa haukuvunjika, mishipa ya kifundo cha mkono imevutika. Bendeji wiki tatu. Kwa fundi, wiki tatu bila kushika mkasi ni wiki tatu bila mkono.

Marekebisho ni haya, na ningeyafanya mwezi mmoja kabla nisingekuwa hapa. Kuna meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu kwa mpira, wenyeji wanayaita *broddar*, krona 180 pea. Tumenunua pea mbili. Yavuliwe ukiingia dukani, kwenye vigae yanateleza kuliko soli tupu. Mimi nayaning'iniza kwenye kitanzi nilichoshona kiunoni mwa koti. Hatua ziwe fupi, unyayo wote utue kwa pamoja, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Watoto wao wanatembea hivyo bila kufundishwa.

Na kuna chombo sijapata kukiona: kiti cha mbao juu ya vyuma viwili virefu vyembamba, unasimama nyuma kwenye chuma kimoja na kusukuma kwa mguu mwingine. Wazee wanakwenda nacho sokoni. Wana kitu cha kushikilia na mizigo inakaa kitini. Jirani wa *fyup* ametuazima cha kwake cha zamani, na binti yangu sasa anapelekwa shule ameketi kama bibi harusi.

21 Desemba 2023: giza

Saa yetu ya Kiswahili ni saa ya jua. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja siku imeanza, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha binti yangu kusoma saa. Leo jua la hapa limechomoza saa tatu na dakika ishirini hivi na litazama kabla ya saa nane mchana. Jana ameniuliza, "Baba, mbona saa tisa ni usiku?" Nikamwambia ni usiku wa hapa. Haikumtosha, na haikunitosha mimi. Tumekubaliana tuwe na saa mbili ukutani, moja ya Tanga kwa bibi, moja ya hapa, na jioni tunazisoma zote mbili kwa sauti.

Kwa wanaoswali: adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya saa mbili na kidogo. Ukitoka kwenda dukani wakati wa adhuhuri unaweza kurudi na alasiri imekupita. Pakua ratiba ya mji wenyewe, usitumie ya Stockholm.

Niliona kwa mke wangu kwanza. Alianza kulala saa mbili usiku na kuamka amechoka. Chakula akala nusu. Nilidhani ni masomo. Kisha nikajikuta nami nimekaa kitandani saa nne asubuhi, mkono umepona, hakuna kinachonizuia kuinuka, na siinuki. Muuguzi wa kliniki alituambia mambo mawili bila kuzunguka. Jua la hapa kuanzia Oktoba hadi Machi liko chini mno kwa ngozi ya mtu yeyote kutengeneza vitamini D, na ngozi yetu nyeusi hata miezi mingine inahitaji muda mrefu zaidi wa jua kuliko ya wenyeji. Tunameza vidonge kila siku sasa, mtoto matone. La pili: kutoka nje kila siku wakati wa ule mwanga mchache, hata kama ni wa kijivu, hata dakika thelathini.

Tulijaribu pia taa kali ya mezani ya krona 700. Sikuona tofauti baada ya wiki tatu, tukaiuza kwa bei ileile. Kilichotusaidia ni kutembea saa tano na nusu asubuhi bila kukosa, na taa za dirishani. Desemba hapa kila dirisha lina nyota ya karatasi inayowaka ndani au kinara cha taa saba, na haviwashwi kwa ajili ya aliye ndani peke yake. Tulinunua kinara mitumba kwa krona 50. Mke wangu akirudi kutoka chuoni anakiona kutoka kituo cha basi, anasema ndicho kinachomfikisha.

Reflekta: mtu aliyevaa koti jeusi kwenye giza hili dereva hamwoni. Nilinunua mkanda wa reflekta kama ule wa vesti za bodaboda, krona 60, nikaushona kwenye mikono na pindo za makoti yetu mawili na ovaroli ya mtoto. Ushone chini, kuanzia gotini hadi kiunoni. Taa za gari zinamulika huko kwanza.

5 Januari 2024: wiki ya baridi yenyewe

Juzi, tarehe 3, kituo cha Kvikkjokk-Årrenjarka huko juu milimani kilipima nyuzi 43.6 chini ya sifuri. Treni nyingi za kaskazini hazikutembea. Kwetu kipimajoto cha dirisha la jikoni kimeonyesha 27 chini ya sifuri. Ukivuta pumzi manyoya ya puani yanashikana, ukitoa yanaachana. Kope za binti yangu zilikuwa nyeupe. Lakini nguo zimefanya kazi. Tulitembea dakika ishirini na tano na hakuna aliyelia, na nilijisikia fundi kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Yaliyotushinda ni mengine:

Simu. Ya mke wangu ilikuwa na chaji asilimia sitini mfukoni mwa nje, ikazimika kituoni, na tiketi ya basi iko ndani yake. Sasa simu inakaa ndani, karibu na mwili, na kadi ya basi ya plastiki ipo mfukoni.

Zipu. Ya plastiki kwenye koti langu ilipasuka meno matatu nilipoivuta kwa haraka. Ipakwe nta ya mshumaa, na ivutwe kwa mikono miwili.

Hewa ya ndani. Hili hatukuambiwa na mtu. Nje kumeganda, ndani mabomba ya joto yanakausha hewa hadi midomo inapasuka. Binti aliamka mto una damu. Mke wangu alipiga ukelele uliowaamsha majirani. Ilikuwa pua tu, imekauka hadi ikachanika. Dar mama anakufokea ukianika nguo mbichi chumbani. Hapa ndiyo dawa: tunaanika nguo zilizofuliwa chumba cha kulala kila usiku, asubuhi zimekauka kabisa na pua hazitoki damu. Tunampaka mafuta ya mgando puani na usoni kabla ya kutoka. Losheni ya majimaji tumeiweka hadi kiangazi.

Gari hatuna. Zile nguzo fupi zenye soketi kwenye maegesho, nilidhani ni za kuchaji magari ya umeme. Nyingi ni za kupasha injini usiku ili iwake asubuhi. Mwenye mpango wa kuendesha ajue leseni ya Tanzania inakubalika mwaka mmoja tu tangu uandikishwe mkaazi, na haibadilishwi kuwa ya huku. Unaanza upya na mtihani.

18 Februari 2024: cherehani

Nimepata cherehani kwenye duka la mitumba, Husqvarna ya zamani, mwili wa chuma mtupu, krona 400. Nilipoifungua grisi yake ilikuwa ngumu kama sabuni ya mche. Nikaisafisha siku mbili, nikaipaka mafuta mepesi. Sasa inatoboa tabaka tatu za ovaroli bila kukohoa.

Kazi ilianza yenyewe. Mwalimu wa binti yangu aliona reflekta nilizoshona, akauliza kama naweza kubadilisha zipu ya ovaroli. Kisha mzazi mmoja, kisha watano. Kabla ya kupokea krona ya kwanza niliandikisha biashara kwenye mamlaka ya kodi, kwa mtandao. Namba ile iliyonichelewesha ndiyo ilifungua na mlango huu. Zipu za kwanza mbili niliziweka za plastiki nyembamba, zote zikarudi. Zipu ya ovaroli iwe ya meno manene na kivuto kipana, mtoto aweze kukishika na glavu, na ncha ya chini ishonwe na kipande cha utepe kuizuia isichomoke.

31 Machi 2024: hesabu

Leo saa zimesogezwa mbele saa nzima katikati ya Ramadhani, futari ikaruka nayo. Mfungo ulianza tarehe 11 tukifuturu karibu saa kumi na moja na nusu jioni; jana tulifuturu saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, leo ni saa moja na zaidi. Theluji bado imejaa na jua linarudi kwa nguvu juu yake, macho yanauma. Miwani ya jua ingehitajika Machi, na mimi nilikuwa nimeiacha Dar nikiamini naenda gizani.

Fedha iliyopotea: makoti Tsh 240,000, buti za Dar 90,000, kutuma cheti 185,000, jumla Tsh 515,000, pamoja na krona 350 za buti zilizobana. Sijahesabu wiki tatu za mkono wala wiki saba za lugha.

Fedha iliyofanya kazi: viatu krona 1,600, nguo za ndani 900, makoti 550, ovaroli 180, kofia na glavu 400, meno ya barafu 360, reflekta 60, cherehani 400. Jumla krona 4,450, zaidi kidogo ya Tsh milioni moja. Cherehani imesharudisha yake na ya viatu.

Ningeanza upya leo ningekuja Agosti na sweta moja kila mtu na fedha mkononi. Agosti na Septemba zinatosha kununua hapahapa bila haraka. Mpangilio: vyeti, viatu, sufu, meno ya barafu kabla ya Novemba, vitamini kuanzia Oktoba. Koti mwisho.

20 Aprili 2024

Mapaa yanatiririka mchana kutwa. Magari ya manispaa yanafagia changarawe ya majira mazima.

Wiki hii nimeyafumua makoti ya Karume. Shuleni kwa binti yangu wanakwenda msituni mara kwa mara, na kila mtoto anatakiwa awe na kikalio cha kuweka chini ardhi ikiwa mbichi. Ngozi nimeikata vipande vya mraba, nikaweka ndani sponji ya koti lake iliyobaki nzima, nikashona pembeni kwa uzi uleule wa nailoni niliokuja nao. Vimetoka vikalio kumi na moja. Binti alivibeba mwenyewe jana asubuhi kwenye kile kiti cha kuteleza, ingawa theluji imebaki upande mmoja tu wa njia na ilibidi nikiinue kila baada ya hatua chache. Mwalimu alivipokea mlangoni. Binti akamwuliza kwa Kiswidi kama vinatosha watoto wote wa kundi lake.

*Fyup*, akajibu mwalimu.